Udongo Laini wa Bunju Utibiwe Pale Ulipo

Kila masika yaingiapo, zipo sehemu za mwambao wetu ambako ardhi huacha kuwa ardhi na kuwa uji. Bunju, iliyo kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, ni mojawapo ya sehemu hizo. Barabara kuu ya lami haina taabu. Taabu huanza pale msafiri anapoiacha lami na kushika njia ya mtaani. Mvua ya siku mbili tu yatosha kulifanya gari dogo lilale kwenye tope mpaka lije kuvutwa, na mjamzito anayepelekwa zahanati usiku hulazimika kushushwa na kutembea. Watoto huenda shule viatu mkononi. Kisha kiangazi kikija, udongo ule ule uliokuwa uji hukauka ukapasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono wake ndani.

Hilo ni la barabara. La nyumba ni zito zaidi, kwa sababu barabara ni mali ya umma lakini nyumba ni jasho la mtu mmoja. Mwananchi hununua kiwanja, hufyatua tofali zake kidogo kidogo kwa miaka mitano au sita, hujenga, hupaua, huhamia na watoto. Masika ya pili yakipita, ufa huonekana pembeni mwa dirisha. Huuziba kwa saruji. Masika ya tatu ufa hurudi ukiwa mpana zaidi, na mlango haufungi tena. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi naye huilaumu saruji, na wote wawili aghlabu huwa wameusahau mshitakiwa wa kweli, ambaye amelala chini ya msingi.

Sisi huku Visiwani tusidhani kwamba habari hii ni ya watu wa bara peke yao. Wakulima wa Unguja na Pemba tangu zamani wameupa udongo majina yake: kichanga, kinongo, uwanda, na kinamo. Hicho kinamo cha mabondeni, cheusi, kinachonata kwenye jembe na kuupasua mkono wa mpanda mpunga kiangazi, ni ndugu wa udongo wa Bunju. Mpunga hukipenda kwa sababu hakipitishi maji. Barabara hukichukia kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana tumeona inafaa kuizungumza Bunju katika safu hii, ambako wasomaji wetu wengi ama huvuka kwenda upande ule kwa biashara na kuzuru jamaa, ama wamekaa katika ofisi ambazo siku moja zitatakiwa kuamua jambo la namna hii.

Desturi iliyozoeleka, Bunju na kwengineko, ni kumwaga kifusi. Wananchi wanalalamika, diwani anapeleka kilio, bajeti inapatikana, malori yanakuja na moramu, greda linapita, na picha zinapigwa. Kifusi kikimwagwa juu ya udongo laini uliolowa, magurudumu hukisukuma chini na udongo hupanda juu, na baada ya masika mawili kifusi kimemezwa. Fedha imezikwa. Mwaka unaofuata hutakiwa kifusi kingine, tena cha kutoka mbali zaidi, kwa kuwa machimbo ya karibu yamekwisha au yamezungukwa na nyumba. Wahandisi wanaofuata kanuni hufanya vizuri zaidi ya hapo: huuchimba udongo mbaya, huuondoa, na kuweka mwingine mzuri mahali pake. Kazi hiyo ni ya haki, lakini gharama yake huifanya iwe ya barabara kuu tu. Barabara za mitaa, ambazo tangu mwaka 2017 zimo mikononi mwa TARURA, ni nyingi mno kuweza kutendewa hivyo.

Tunachotaka kukieleza leo ni njia ya tatu, ambayo si mpya duniani wala si ngeni kwa wataalamu wetu, lakini haijapewa nafasi inayostahili: kuuacha udongo pale ulipo, na kuutibu kwa kiasi kidogo cha saruji kilichosaidiwa na taka za viwandani ambazo leo hutupwa.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Chembe za udongo wa mfinyanzi si punje kama mchanga. Ni vipande vyembamba mno, mfano wa kurasa za kitabu, na haziwezi kuonekana kwa macho. Katika aina fulani za madini ya mfinyanzi, hasa ile iitwayo montimorilonaiti, maji huingia kati ya ukurasa na ukurasa na kuzitenga, na hapo udongo huvimba. Maji yakitoka, kurasa hukaribiana na udongo husinyaa. Aina nyingine, kama kaolini inayopatikana kwa wingi sana katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, haina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo udongo wa mfinyanzi hauhukumiwi kwa rangi wala kwa kunata tu, bali kwa kipimo.

Na vipimo vya mwanzo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mpimaji huuviringa udongo uliolowa kidogo juu ya kioo ukawa kama tambi. Pale unapoanza kukatika ukiwa na unene wa milimita 3, huo ndio mpaka wake mmoja wa maji. Mpaka wa pili ni pale udongo unapokuwa laini hata ukaanza kutiririka. Mwanasayansi wa Sweden, Albert Atterberg, ndiye aliyeianzisha mipaka hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita, naye alikuwa akiutazama udongo wa kilimo, si wa barabara. Tofauti kati ya mipaka hiyo miwili ikiwa kubwa, udongo ni wa hatari. Kisha kipo kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, kilichobuniwa na idara ya barabara ya jimbo la California katika miaka ya 1920. Mwongozo wa usanifu uliotolewa na Wizara ya Ujenzi ya Tanzania mwaka 1999 huugawa udongo wa chini ya barabara kwa kipimo hicho katika madaraja ya S3, S7 na S15. Udongo usiofikia hata asilimia 3 huhesabiwa kuwa unahitaji hatua maalumu. Mwongozo huo huo una madaraja ya udongo uliotiwa saruji au chokaa, yaani CM, C1 na C2, na nguvu inayotakiwa kwa kila daraja. Maana yake ni kwamba serikali imekwisha kuikubali njia hii kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka 20. Wala utafiti haukukosekana. Mwaka 2008 mhandisi Charles Lucian alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu katika chuo cha KTH, Stockholm, juu ya majengo yaliyosimama kwenye udongo unaovimba wa Kibaha, mji ulio jirani na Dar es Salaam kwa upande wa magharibi. Mtu anayejenga Bunju angefaidika sana kama mambo ya namna ile yangemfikia kwa Kiswahili katika ofisi ya mtendaji wa kata, pale anapokwenda kugongewa muhuri.

Sasa dawa. Saruji ikikutana na maji hufanya mambo mawili. Hutengeneza gundi ngumu inayozishika chembe za udongo pamoja, na wakati huo huo hutoa chokaa. Chokaa hiyo huzifanya kurasa za mfinyanzi zisogeleane na kushikamana katika mabonge madogo, hata udongo uliokuwa unanata ukawa unamomonyoka kama mchanga wa chengachenga. Huo ni mwanzo tu. Chokaa inayobaki huendelea polepole kuungana na silika na alumina zilizomo ndani ya udongo, ikazaa gundi nyingine ya namna ile ile ya kwanza. Kazi hii ya pili huchukua majuma na miezi, na hapo ndipo taka za viwandani zinapopata heshima yake. Majivu yenye silika nyingi iliyo tayari kuungana na chokaa huiongezea kazi hiyo nguvu. Saruji huanza, majivu humalizia, na kiasi cha saruji kinachohitajika hupungua.

Jambo hili lisitushangaze sisi watu wa mwambao. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini waliijua chokaa. Walikusanya matumbawe, wakayapanga juu ya magogo, wakachoma tanuu, wakaizima chokaa kwa maji na kuiacha ikae. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu, na sakafu zikapondwa kwa wimbo na marungu mpaka zikawa kama jiwe. Kilwa Kisiwani kuna majengo ya namna hiyo yaliyodumu tangu kabla Mreno hajafika. Udongo mwekundu ule haukutiwa kwa ajili ya rangi. Kwa hiyo mtu akija leo na kutuambia kwamba kuchanganya udongo na chokaa ni elimu ya kigeni, tumkaribishe kwa adabu, tumpe kahawa, kisha tumwonyeshe ukuta.

Kilicho kipya ni ukubwa wa kazi na uhakika wa kipimo. Wajapani na Waswidi walianza katika miaka ya 1960 na 1970 kutia chokaa na baadaye saruji ndani kabisa ya ardhi laini, wakitumia mitambo inayochimba na kukoroga udongo pale pale chini, ikaacha nguzo za udongo mgumu. Mitambo hiyo ni ya bandari na majengo makubwa. Kwa barabara ya mtaa wa Bunju itakuwa sawa na kumchinjia ng'ombe mgeni mmoja. Barabara yataka kutibiwa sentimita 30 za juu, na hiyo ni kazi ya trekta.

Ajabu ya Bunju ni kwamba dawa iko mlangoni. Kiwanda cha saruji cha Wazo, cha kwanza katika Tanzania, kilianza uzalishaji mwaka 1966, nacho kiko Tegeta, mwendo mfupi tu kabla ya kufika Bunju. Kimekaa pale kwa sababu ya kilima cha mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya zamani. Malori yaliyosheheni saruji hupita kila siku yakielekea mbali, na pembeni yake watu wanazama katika tope. Hatusemi haya kwa kukilaumu kiwanda. Kiwanda huuza saruji, hakijengi barabara. Tunasema kwa kuwa ukaribu huo ni mali isiyotumika.

Hata hivyo saruji tupu si jibu. Udongo wa kichanga huridhika na saruji ya asilimia 3 hadi 6 ya uzito wake, lakini mfinyanzi mzito waweza kudai 8 hadi 12 au kupita hapo. Bei yake haitavumilika. Tena klinka, ambayo ndiyo kiini cha saruji, huokwa katika joto la kiasi cha nyuzi 1,450, na viwanda vya saruji vya dunia nzima hutoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Wakazi wa visiwa, ambao bahari inawala ufukwe mwaka hadi mwaka, wana sababu yao ya kulikumbuka hilo.

Basi taka zipi? Hapa lazima tuwe waangalifu, maana vitabu vya nje husifu sana majivu ya makaa ya mawe yatokayo katika vituo vya umeme. Afrika Kusini na India wana milima ya majivu hayo. Sisi hatuna. Umeme wa Dar es Salaam, tangu gesi ya Songo Songo ilipofika Ubungo mwaka 2004, kwa sehemu kubwa umetoka kwenye gesi na maji, na gesi haiachi majivu. Anayenakili kitabu cha nje neno kwa neno atajikuta anaagiza taka kutoka ng'ambo, na hicho kitakuwa kichekesho.

Tunacho cha kwetu. Yapo majivu ya pumba za mpunga, ambayo yakichomwa vizuri huwa na silika kiasi cha sehemu 85 hadi 90 katika mia. Neno «vizuri» lina uzito hapa: moto ukizidi nyuzi 700 hivi, silika hugeuka fuwele na kuwa mvivu, na moto ukiwa hafifu, majivu hubaki meusi yenye makaa. Yapo majivu ya makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na Moshi, na huku kwetu kipo kiwanda cha Mahonda. Lipo vumbi la mawe katika machimbo ya Kunduchi na Boko, ambalo halina nguvu ya kuungana na chokaa lakini huusaidia udongo kwa kuupa punje. Kipo kifusi cha vigae na tofali za kuchoma, ambacho kikisagwa sana huwa na tabia iliyo karibu na ile ya udongo mwekundu wa wazee. Na zipo taka za viwanda vya chuma vya Dar es Salaam, yaani ule utando mgumu unaobaki chuma kikiyeyushwa.

Kuhusu hizo za chuma tuseme waziwazi. Vipande vya utando huo vyaweza kufaa, lakini vikiwa vibichi huwa na chokaa isiyokomaa ambayo huvimba baadaye na kuinua barabara, kwa hiyo havina budi kuachwa nje kwa miezi mingi, vimwagiwe maji, kisha vipimwe. Ama lile vumbi laini linalonaswa katika mabomba ya moshi ya tanuri, hilo huwa na risasi na zinki, na halifai kuwekwa katika ardhi ambayo watu wanachimba visima. Wala taka za betri. Tunaonya mapema kwa kuwa tunawajua binadamu: likitangazwa tu kwamba taka za viwandani zinajenga barabara, atatokea mtu mwenye rundo la sumu nyuma ya kiwanda chake akitaka kuwatolea wananchi sadaka. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lipo kwa ajili ya kumuuliza mtu huyo maswali, na maji yanayochujika kutoka katika mchanganyiko hayana budi kupimwa maabara kabla lori la kwanza halijaruhusiwa kumwaga.

Tuje kwenye hesabu, ambayo tumeifanya sisi wenyewe kwa kalamu na karatasi, na yeyote aweza kuihakiki. Tuchukue barabara ya mtaa yenye urefu wa kilomita 1 na upana wa mita 5. Mhandisi akiamua kuondoa sentimita 60 za udongo mbaya, hizo ni mita za ujazo 3,000. Kwa lori la mita 10 za ujazo ni safari 300 za kuutoa udongo, na safari 300 za kuleta mwingine, bila kuhesabu kwamba udongo hufumuka ukichimbwa. Safari 600 za lori zito juu ya njia ambazo zenyewe ni mbovu! Sasa tuseme tunatibu sentimita 30 pale pale, katika matabaka mawili. Ni mita za ujazo 1,500, na kwa uzito wa tani 1.7 kila mita, ni tani 2,550 za udongo mkavu. Saruji ya asilimia 4 ni tani 102, yaani mifuko 2,040 ya kilo 50. Majivu ya asilimia 8 ni tani 204. Kwa malori ya tani 10, saruji ni safari kama 10 na majivu ni safari kama 20. Yaongezwe magari ya maji, iongezwe moramu ya juu kidogo ya kupokea magurudumu. Bado tofauti inasema yenyewe. Kama saruji ingetumika peke yake kwa asilimia 8, mifuko ingekuwa 4,080. Majivu, basi, yameokoa mifuko 2,040 katika kilomita moja. Asilimia hizo ni za mfano. Za Bunju zenyewe zitatoka maabara, na huenda mtaa mmoja ukadai nyingi na mtaa wa pili kidogo.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili lilikwisha kujaribiwa mahali fulani na likashindwa. Huenda ni kweli, na sababu za kushindwa zinajulikana, nazo ni za uzembe kuliko za elimu. Mfinyanzi uliolowa haukubali kuchanganyika. Ukitiwa saruji ungali mabonge, saruji hubaki nje ya bonge kama unga juu ya andazi. Dawa yake ni kutangulia na chokaa kidogo, asilimia 2 au 3, kuuacha udongo siku moja au mbili ukalegea, ndipo uvunjwevunjwe kwa diski za trekta na kutiwa saruji na majivu. Saruji ikisha kupata maji, saa huanza kuhesabika: ndani ya muda wa saa mbili hivi, kazi ya kuchanganya, kusawazisha na kushindilia iwe imekwisha. Msimamizi akienda kula chakula cha mchana na mchanganyiko umekwisha kutiwa maji, akirudi atashindilia kitu kilichokwisha kufa. Kisha tabaka hilo limwagiliwe maji au lifunikwe kwa siku 7, lisikauke, na magari yasipite. Hapa ndipo panapoharibika aghlabu, kwa sababu kila mtu ana haraka ya kupita, na dereva wa lori la mchanga haoni kwa nini azunguke.

Na mitaro. Hakuna dawa ya udongo itakayoishi kama maji yamelala pembeni ya barabara mwezi mzima. Bunju na Boko ni nchi tambarare kwa sehemu nyingi, na maji yake hutafuta njia kuelekea mito na bahari kwa taabu. Upande wa kaskazini uko mto Mpiji, ambao ndio mpaka na Bagamoyo. Boko Basihaya imekwisha kuzamishwa na mafuriko zaidi ya mara moja. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia zilizokuwa zikiishi bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, jirani na Bunju. Watu waliokwisha kukimbia maji mara moja hawastahili kuyakuta tena mbele ya mlango kwa sababu mtu amejenga uzio juu ya mfereji wa asili. Tuliwahi kusikia ikisemwa kwamba mtaro ni wa pili, barabara ni ya kwanza. Sisi tunaona mtaro uchimbwe kwanza, masika yapite mara moja juu yake, ndipo udongo utibiwe.

Kwa nyumba, shauri ni la tahadhari zaidi. Kutibu udongo chini ya msingi kwaweza kusaidia, lakini udongo unaovimba unaweza kuwa na kina cha mita kadhaa, na sentimita 30 hazitoshi kuutuliza. Mwenye kujenga Bunju na achimbe shimo kabla ya kununua tofali, autazame udongo masika na kiangazi, aweke msingi ulioungwa kwa nondo, ajenge njia ya saruji kuizunguka nyumba ili maji ya paa yasiingie chini ya ukuta, na asipande mti mkubwa karibu, kwa kuwa mizizi hunywa maji upande mmoja na nyumba ikainama upande huo. Gharama ya shimo la kutazamia udongo haizidi gharama ya mlango mmoja.

Tukirudi huku kwetu, hali ina tofauti zake ambazo hazina budi kutajwa ili mtu asiubebe mfano wa Bunju mzima mzima akauvusha bahari. Saruji tunayoitumia imekwisha kulipa nauli. Mchanga wa Unguja umepungua hata serikali ikalazimika kuudhibiti, na kila shimo la kifusi linalofunguliwa katika kisiwa ni ardhi ya kilimo iliyopotea. Kwa hiyo faida ya kuutibu udongo pale ulipo ni kubwa zaidi huku kuliko Bunju. Lakini tope la mikoko na la vijito vya pwani lina mabaki ya majani na mizizi ambayo huizuia saruji kushika, na chumvi na salfeti zilizomo zaweza kuungana na chokaa na alumina zikazaa fuwele zinazovimba. Barabara iliyotibiwa vyema mwezi wa kwanza huinuka mgongo baada ya mwaka. Tope hilo lisiguswe kwa dawa hii bila vipimo vya salfeti na vya mabaki ya mimea. Kinamo cha mabonde ya ndani, hicho ndicho cha kuanzia.

Tunashauri, kwa hiyo, jambo dogo ambalo halihitaji wafadhili. Manispaa ya Kinondoni pamoja na TARURA wachague mita 300 za njia moja mbovu ya Bunju. Mita 100 zitiwe saruji peke yake, mita 100 saruji na majivu, na mita 100 zimwagiwe kifusi kama ilivyo desturi. Mtaro uwe mmoja na magari yawe yale yale. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi wapewe kazi ya kupima kila baada ya masika kwa miaka mitatu, na matokeo yabandikwe ukutani katika ofisi ya kata, kwa Kiswahili, pamoja na gharama ya kila kipande. Huku Unguja, Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia yaweza kuanza na ndoo chache za kinamo na gunia la majivu kutoka Mahonda, kwa vipimo vya siku 7, 28 na 90. Mwezi wa kuanza ni Juni, masika yakiisha na ardhi ikianza kukauka. Mwenye kungoja Februari atakuta malori ya kifusi yamekwisha kukodiwa.